Boti ya Kibirizi, kilomita 28, na hesabu ya umeme

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao ya mita 12, nabeba abiria na magunia ya dagaa kati ya kijiji chetu, kaskazini mwa Gombe, na mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Simu inanionyesha kilomita 28. Nafunga mashine ya petroli ya HP 40, zile za kuchanganya oili. Safari moja ni saa mbili na inakula lita 25. Natoka kijijini saa kumi na moja alfajiri, narudi saa nane mchana. Fundi mmoja wa sola ameniambia niweke paneli sita juu ya paa, betri kumi za N200 na mota ya umeme, nisahau petroli. Mwingine anasema bora mfumo mseto, yaani mota ya umeme, betri chache, na jenereta ya petroli inayochaji huku natembea. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kwa boti hiyo, na kwa mwendo huo unaoenda sasa, usimfuate hata mmoja. Sisemi umeme haufai ziwani. Unafaa, na ningependa sana kuuona Tanganyika kabla sijazeeka. Ila wote wawili wamekupa majibu bila kukuuliza unakwenda kwa kasi gani, na hilo ndilo swali la kwanza.

Tutumie kipimo unachokijua, uniti ya LUKU, ile ya umeme wa nyumbani: kilowati moja kwa saa moja. Lita moja ya petroli ina joto la uniti 9 hivi. Lita zako 25 ni kama uniti 225. Mashine ya kuchanganya oili haifikishi hata moja ya tano ya hizo kwenye propela. Zilizobaki zinatoka kama moshi, joto na kelele. Kwa hiyo kinachoisukuma boti yako kweli ni uniti 40 tu kwa safari, sawa na kilowati 20 kwa saa mbili. Mota ya umeme ni mwaminifu zaidi: ukiipa uniti 10 kutoka kwenye betri, karibu 9 zinafika kwenye propela. Ili ifanye kazi ileile kwa mwendo uleule itahitaji uniti 45.

Sasa zipime betri kumi za N200. Kila moja ni volti 12 na ampea 200 kwa saa, yaani uniti 2.4 kwenye karatasi. Lakini hizo ni betri za kuwashia malori. Zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha zijazwe tena. Ukizinyonya kupita nusu kila siku, hazimalizi mwaka. Kwa hiyo una uniti 12 za kutumia kwenye zote kumi, na ukizinyonya kwa nguvu utapata pungufu ya hapo. Uniti 12 kwa safari inayotaka 45! Utaishiwa katikati ya maji hata mpaka wa kusini wa hifadhi ya Gombe hujaufikia, huku umebeba nusu tani ya risasi na tindikali mahali pa abiria.

Na paneli? Paneli kubwa za siku hizi za wati 550 zina eneo la mita za mraba mbili na nusu kila moja, hivyo sita zinaenea juu ya paa lako bila shida. Zote pamoja hufikia kilowati 3.3 jua likiwa utosini. Mota inataka zaidi ya 20. Kwa siku nzima ya jua zuri la Kigoma utavuna uniti 12 hivi, na hiyo ni kama robo ya safari moja. Tena safari yako ya kwanza inaanza saa kumi na moja alfajiri, jua halijachomoza nyuma ya milima. Paneli juu ya boti ni nzuri. Zinasaidia, zinawasha taa, zinachaji simu za abiria, zinaongeza kilomita chache. Haziwezi kuwa ndizo zinazoiendesha boti hiyo.

Umeniandikia pia kwamba umeona video ya boti ya jua huko India inayobeba watu 75. Naifahamu. Inaitwa Aditya, iko jimbo la Kerala, ilianza kazi Januari 2017, na inafanya kazi vizuri. Lakini itazame ilivyo. Ina paneli za kilowati 20, siyo tatu. Ina betri za litiamu za uniti 50. Umbo lake ni la mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa, iliyotengenezwa kwa faiba nyepesi ili ipasue maji bila kuyasukuma. Inavuka umbali wa karibu kilomita 3 tu kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, inarudi, inavuka tena. Walioibuni waliichagua njia kwanza, wakachonga chombo kinacholingana na njia hiyo, ndipo wakanunua betri. Wewe unaambiwa uanze na betri.

Nije kwa huyu wa mfumo mseto, maana hoja yake inasikika ya kisomi na imewavuta wengi. Anachokueleza ni kwamba jenereta itazalisha umeme, chaja itaupeleka kwenye betri, betri itaulisha mota. Kila kituo kwenye njia hiyo kinatoza ushuru. Chaja inachukua kidogo, betri kidogo, mota kidogo. Na jenereta ndogo za petroli tulizozizoea madukani hutoa uniti moja na nusu, zikijitahidi mbili, kwa lita. Unahitaji uniti 45 kwenye mota, kwa hiyo jenereta izalishe karibu 50. Hiyo ni lita 25 kwa jenereta nzuri, na zaidi ya 30 kwa ile ya kawaida. Leo unachoma 25. Utakuwa umenunua mota, betri, chaja na jenereta, umeongeza uzito na kelele, na mafuta hayajapungua hata tone.

Mseto una mahali pake, na napenda ueleweke. Unalipa pale ambapo kazi ya chombo inapanda na kushuka: boti ya kuvuta meli bandarini, inayosubiri saa nyingi kisha inavuta kwa dakika ishirini, au nyambizi za karne iliyopita zilizotembea kwa dizeli juu ya maji na kwa betri chini yake. Hapo injini inaruhusiwa kufanya kazi kwenye mwendo wake mzuri au kuzimwa kabisa, na betri inaziba mapengo. Boti yako haina mapengo. Inatoka, inakaza mwendo uleule saa mbili, inafika. Chombo cha namna hiyo kinataka njia fupi kabisa kutoka kwenye mafuta hadi kwenye propela. Kusema kweli, kama shida yako ni bei ya petroli peke yake, injini ndogo ya dizeli ya ndani yenye shafti na propela pana ingefanya kazi hiyohiyo kwa lita 12 au 13. Hakuna betri hata moja hapo.

Haya, kasi. Hapa ndipo penye mali.

Boti nzito inayopita ndani ya maji, siyo juu yake, ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Kwa boti inayogusa maji mita 11, kikomo hicho ni karibu kilomita 15 kwa saa. Ukikikaribia, boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, nyuma inazama, na kila kilomita ya ziada unainunua kwa mafuta mengi. Wewe unakwenda 14. Uko palepale ukingoni. Chini ya hapo, nguvu inayohitajika hupanda na kushuka kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi, kwa makadirio ya fundi. Punguza kutoka 14 hadi 9, na zile kilowati 20 zinakuwa 5 na kitu. Safari inachukua saa tatu na dakika chache badala ya mbili, lakini uniti zinazotoka kwenye betri zinashuka kutoka 45 hadi 19.

Soma tena namba hizo mbili. Boti ni ileile, magunia ni yaleyale.

Uniti 19 ni jambo linaloshikika. Ukiongeza akiba ya theluthi, ambayo kwenye ziwa hili mimi siwezi kuishusha, unahitaji betri za karibu uniti 28. Kwa betri za litiamu za fosfeti ya chuma, zile za volti 51 na ampea 100 ambazo kila moja ina uniti 5, ni betri sita. Kila moja ina uzito wa kilo 45 hadi 50, jumla isiyozidi kilo 300. Zinavumilia kunyonywa asilimia 80 zaidi ya mara 3,000. Kuzichaji hapo Kibirizi kwa LUKU ya kawaida, kwa takribani shilingi 360 kwa uniti, ni kama shilingi 8,000 pamoja na upotevu wa chaja. Chaja ya kilowati 4 inamaliza kazi ndani ya saa tano au sita. Linganisha na bei ya lita 25 unazonunua leo, wewe unaijua kuliko mimi.

Lakini tuwe wakweli kwenye mlinganisho huo. Hata mashine yako ya petroli ukiipunguza mwendo inakula kidogo. Sehemu kubwa ya akiba niliyoionyesha ni zawadi ya mwendo mdogo, na unaweza kuichukua kesho asubuhi bila kununua chochote. Je, abiria watakubali saa tatu, wakati boti ya jirani inafika kwa saa mbili? Mama mwenye dagaa anayetaka kuwahi bei ya asubuhi hatakusubiri kwa sababu boti yako haina moshi. Hilo ni swali la biashara na wewe ndiye mwenye jibu. Na usisahau upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unalipiga ziwa, na wewe ukija Kibirizi unakuja uso kwa uso nao. Siku kama hizo uniti 19 zinaweza kuwa 28, na ile akiba niliyokataa kuishusha inaisha yote. Tanganyika ni kina cha karibu mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, nanga haikusaidii mbali na pwani. Ndiyo maana sitaki kusikia boti ya abiria ya umeme mtupu kwenye njia ndefu bila mashine ya pili iliyofungwa tayari.

Kuna shida nyingine, upande wa kijijini. Ukifika jioni betri zimebaki theluthi, na kesho alfajiri unaondoka tena. Utachaji wapi? Paneli za paa hazitatosha. Kuna kivuko cha Norwei kinachoitwa Ampere, kilianza 2015, kinabeba magari kuvuka maji ya kilomita karibu 6 kwa betri tupu na kuchaji kila kinapogusa gati. Umeme wa vijiji vya pande zile mbili ulikuwa mdogo, usingeweza kukilisha kwa dakika kumi. Wakaweka betri nyingine nchi kavu, zinazojaa polepole muda wote kivuko kikiwa majini, kisha zinakimiminia umeme kikifika. Kwa mwalo wa kijiji kwetu hilo ni wazo zuri kuliko kulundika paneli juu ya boti: paneli ziwe juu ya ghala la dagaa, zielekezwe kwenye jua ipasavyo, zijaze betri za nchi kavu mchana kutwa. Lakini huo ni mradi wa wenye boti watano au sita pamoja, siyo wa mmoja.

Ukiniuliza ni nani Kigoma aanze na umeme leo, nitakuelekeza kwa wavuvi wa usiku kabla yako. Wale wa mitumbwi miwili iliyofungwa kwa nguzo, wanaoshusha wavu na kuwasha taa kuvuta dagaa. Wameshaacha karabai kwa taa za LED, betri tayari wanaijua. Wanakwenda kilomita chache, polepole, wanakaa saa nyingi wakingoja samaki, wanarudi alfajiri. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kwenda na kurudi kilomita 12, uniti sita au saba zinatosha, na betri hiyohiyo inawasha taa. Siku za mbalamwezi wanapumzika, betri nayo inapumzika. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria wapo wavuvi ambao tayari wanakodi mashine za umeme za namna hii badala ya kuzinunua. Jambo moja tu kwao: ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, betri ya litiamu isiachwe imejaa wala imekauka. Iachwe nusu, nyaya zimechomolewa, kivulini, na ikaguliwe kila mwezi.

Kwako wewe, mpango wangu ni huu. Acha HP 40 mahali pake. Kwanza fanya jaribio la wiki mbili. Wiki ya kwanza nenda kama kawaida, andika lita na saa za kila safari. Wiki ya pili, siku ambazo mzigo si wa haraka, shika kilomita 10 kwa saa kwa kipimo cha simu, mzigo uleule, andika tena. Kisha angalia propela yako. Boti nyingi za Kibirizi zimefungwa propela zilizokuja na mashine, ambazo zilikusudiwa boti nyepesi za kukimbia. Boti nzito inataka propela yenye kipenyo kikubwa zaidi na mwinamo mdogo zaidi wa mapanga yake. Mabadiliko hayo peke yake yanaokoa mafuta.

Baada ya hapo, kama bado unautaka umeme, na ninatumaini utautaka, funga mota ya kilowati 4 au 5 pembeni ya mashine ya petroli, kwenye kibao chake chenyewe, na betri mbili za litiamu. Itumie kuingia na kutoka mwaloni, kusogea kijiji hadi kijiji kushusha abiria, kutembea ghubani, na kukurudisha nyumbani taratibu petroli ikigoma. Huo ndio mseto ninaouamini kwa boti ya ukubwa wako: mashine mbili zisizotegemeana. Ikifa moja, nyingine haijui.

Ufungaji usimpe mtu anayejua sola za nyumbani peke yake. Kaa kwenye volti 48, usikubali 12. Mota ya kilowati 5 kwa volti 48 inavuta ampea 100 hivi. Kwa volti 12 ingevuta zaidi ya 400, na hakuna kebo utakayoimudu. Niliwahi kuitwa kukagua boti iliyotoa moshi ikiwa na watu ndani. Betri zilikuwa nzima, mota nzima. Tatizo lilikuwa kichwa kimoja cha kebo kilichobanwa kwa nyundo badala ya kikandamizi. Kilikuwa kinagusa kwa nyuzi chache tu, kikapata joto kila safari, mpaka siku hiyo kikayeyusha plastiki na kuanza kuunguza mbao. Hakukuwa na fyuzi karibu na betri. Walikuwa mita mia kutoka pwani, wakaokoka wote. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachokishika kwenye boti yoyote ni vile vichwa vya kebo, na ninavigusa kwa mkono mara baada ya safari. Kikiwa cha moto, boti haiondoki.

Kwa hiyo: kebo nene ya shaba, vichwa vikandamizwe kwa mashine ya haidroliki, fyuzi isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri, swichi kuu nahodha aifikie akiwa amekaa. Betri ziwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa mikanda, katikati ya boti, juu ya vibao ili maji ya chini yasizifikie, na madumu ya petroli yakae mbali nazo, upande mwingine kabisa. Swichi inapokata umeme mwingi hutoa cheche, na mvuke wa petroli hukaa chini ya sakafu usiuone. Kizima moto cha unga kiwe karibu na nahodha. Na kwa kuwa unabeba abiria, kabla hujafunga chochote mwone mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Kubadili mashine kunabadili uzito na usawa wa chombo, na cheti chako kiliandikwa kwa boti ilivyokuwa.

Neno moja kuhusu mbao zako. MV Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 ikiwa na injini za mvuke, na miaka ya 1970 ikawekewa dizeli. Mwili wake wa chuma umeona mashine za aina mbili na bado ni uleule. Siku utakapochonga boti mpya, ichonge nyembamba na ndefu zaidi ya hii, iwe nyepesi, na umwambie fundi seremala aache nafasi kavu ya betri katikati hata kama siku hiyo utafunga petroli.

Nitumie daftari la wiki zile mbili: lita, saa, idadi ya abiria na magunia, na siku zenye upepo uziwekee alama. Nikipata namba hizo nitakwambia mota ya ukubwa gani na propela ya inchi ngapi.